Mume wangu haibi hata senti, lakini anatanua

KONA YA USUKANI

Mjomba anayejibu barua zenu aliendesha daladala Dar es Salaam kwa miaka 14, kisha akafundisha udereva kwa miaka 19. Barua za klachi na oili nimeziweka pembeni mwezi huu, wenyewe mnisamehe. Zimenifikia tano zinazofanana kama watoto wa tumbo moja, ingawa waandishi wake hawajuani.

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu ni mhasibu na ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita mtu alimtumia shilingi 200,000 kwenye simu kimakosa, akazirudisha kabla mwenyewe hajapiga. Lakini kila asubuhi tukitoka Kinyerezi, foleni ikishikana kabla ya kuingia Barabara ya Mandela, anashusha matairi ya kushoto kwenye vumbi na kuwapita watu kama arobaini. Nikisema, ananijibu, "Mama, hii ndiyo Dar." Juzi mtoto wetu wa miaka minane amepiga kelele kutoka siti ya nyuma: "Baba tanua, wenzetu wanatupita!" Nimekosa raha. Mtu mwaminifu namna hii, hili linatoka wapi?*
Mama wa Kinyerezi

Marahaba, mwanangu. Nikutoe hofu kwanza: mumeo si mnafiki. Nimefundisha mashehe, nimefundisha masista, nimefundisha hakimu mmoja aliyekuwa anakata kona bila indiketa kana kwamba indiketa inakula mafuta. Uaminifu wa mtu haupandi garini pamoja naye moja kwa moja. Unabaki nje mpaka aufungulie mlango.

Nenda jioni moja karibu na kituo cha polisi, saa kumi na mbili, bendera inaposhushwa. Filimbi ikilia kila kitu kinaganda. Daladala inasimama, konda kaachama mdomo, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani kasimama mguu mmoja mbele, hata mlevi anajikaza. Sijawahi kuona mtu anaandikiwa faini pale, na wengi wetu hatujui hata amri ile imeandikwa wapi. Bendera ikishakunjwa, magari yale yale yanaondoka, na mita mia mbili mbele kuna zebra, watu wanne wamesimama na vifurushi vyao, na hakuna dereva anayegusa breki. Wajibu wa kumpisha mtembea kwa miguu umo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000. Kwa hiyo yenye karatasi na faini inapuuzwa, na ile ambayo watu hawajui hata karatasi yake inatiiwa. Kuanzia hapo niliacha kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Watanzania hawatii sheria. Tunatii sana. Cha kuuliza ni tunamtii nani.

Mimi nilimtii bibi wa vitumbua.

Miaka ya tisini nilikuwa naendesha kipanya, Hiace, Temeke kwenda Kariakoo. Njiani kulikuwa na zebra mbele ya shule ya msingi, na pembeni ya zebra alikaa bibi mmoja na karai lake. Namba za gari alikuwa hazijui, alijua watu. Ukipita bila kusimama hapigi kelele, anakungoja urudi. Ukirudi umejaza abiria, anasogea dirishani na mwiko mkononi: "Wewe mtoto wa fulani, mama yako anajua unavyokimbiza watoto wa wenzio?" Abiria wanakucheka mpaka mwisho wa safari. Basi nikawa nasimama pale kila siku, na nikawa najisifu kwa tajiri wangu kwamba mimi ndiye dereva wake pekee anayejua zebra.

Baada ya miaka mitatu hivi bibi akahamia kwa binti yake Kilwa. Wiki ya kwanza nilisimama. Wiki ya pili nikawa napunguza tu. Mwezi haujaisha, nilikuwa napita na honi. Siku moja mtoto wa darasa la pili alirudi kinyumenyume kunikwepa akatumbukia mtaroni, mkono ukavunjika. Sikumgusa, na hakuna aliyeniandikia chochote. Nilishusha abiria nikampeleka hospitali kwa kipanya kile kile, na njia nzima alikuwa hasemi habari ya mkono, anauliza kama daftari lake la hesabu limelowa.

Ndiyo nikajua kwamba miaka yote ile zebra sikuwahi kuitii. Nilikuwa namheshimu mama wa watu mwenye mwiko.

Sasa tumrudie mhasibu wetu. Zile laki mbili zilikuja na jina. Simu ilimwandikia: umepokea kutoka kwa fulani bin fulani. Mwenye hela akawa mtu, na mumeo hawezi kumdhulumu mtu. Wale arobaini wa asubuhi hawana majina. Anaona matako ya magari yao tu, vioo vimepanda, kiyoyozi kinavuma. Na alichowachukulia ni kidogo mno: kila mmoja amempokonya sekunde chache. Nani ataenda kwa mjumbe kushtaki kwamba ameibiwa sekunde tano? Mkusanye wote arobaini uone, lakini hawakusanyiki, ndiyo raha ya kuiba barabarani.

Mtazame mume huyo huyo akienda zahanati. Akiingia tu anauliza, "Wa mwisho nani?" Akionyeshwa, anakaa nyuma yake, na mtu akijipenyeza atakuwa wa kwanza kusema, "Ndugu, umetukuta." Foleni ya zahanati ina macho. Ya Kinyerezi haina wa kuulizwa wa mwisho nani.

Halafu kuna ubwege. Hili wanaume hatulisemi kwa wake zetu. Gari la kwanza likitanua unakasirika. La tatu likipita unajiona fala. La saba likipita unaanza kuhisi kwamba kuna kikao kilifanyika, watu wote wakakubaliana, wewe peke yako hukuitwa. Hapo dereva hajioni kwamba anavunja sheria. Anajiona anarudisha heshima yake. "Hii ndiyo Dar" maana yake ni kwamba na yeye sasa amehudhuria kikao.

Mtu wa hesabu umpe hesabu. Anayetanua lazima mwisho achomekee, kwa sababu vumbi linakwisha, kuna nguzo au mama ntilie na masufuria yake. Akichomekea, aliye ndani ya foleni anakanyaga breki. Wa nyuma yake anakanyaga zaidi kidogo, wa nyuma tena anasimama kabisa, na ule msimamo unarudi nyuma gari kwa gari hadi kwa watu ambao bado wanatoka majumbani. Wakichomekea ishirini, mdomo wa njia umeziba. Foleni anayoikimbia saa moja asubuhi imepikwa na waliotanua saa kumi na mbili na nusu, na yeye anawapikia wa saa moja na nusu. Siku gari la wagonjwa likihitaji ule upande wa vumbi litamkuta mzee wa kanisa amekaa humo.

Usimhubirie, anahubiriwa Jumapili. Mwambie hivi: "Baba Fulani, leo ukitaka kuchomekea, shusha kioo, mtazame yule dereva machoni, umwombe." Basi. Nimelifanya zoezi hili na wanafunzi wengi, na kama nusu yao hurudi foleni wenyewe kabla kioo hakijafika chini. Hao wengine huomba, na ukiombwa kwa sura hata wewe unampisha mtu, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa.

Na mtoto ajibiwe palepale, usisubiri mfike nyumbani. Akisema "tanua", mwambie, "Hawa tumewakuta." Mtoto wa miaka minane anaelewa kukuta. Ndiyo sheria anayoitumia kwenye bembea.

*Mzee wetu shikamoo. Mimi ni bodaboda, kijiwe Mbagala Rangi Tatu. Kila siku tunaambiwa bodaboda hatutii sheria. Mbona sisi tukipita taa nyekundu tunadakwa, gari kubwa la vioo vyeusi likipita linapigiwa saluti? Na hizo taa zenyewe, trafiki anaziacha zinawaka anaongoza kwa mkono. Nitii kipi?*
Kijana wa Kijiweni

Marahaba. Kisheria mkono wa trafiki unaishinda taa, kwa hiyo akikwambia pita kwenye nyekundu, pita. Hapo huna kosa. Lakini umegusa kitu ambacho kila anayepanga taa za jiji hili angepaswa kukinukuu ukutani kwake. Tumefundishwa kwa miaka mingi kwamba taa ikisema hivi, shati jeupe likasema vile, la kufuata ni shati jeupe. Macho ya dereva wa Dar yakifika makutano hayatafuti rangi, yanatafuta shati. Likikosekana, taa inabaki kama pambo la arusi. Ndiyo maana saa nne usiku watu wanapita nyekundu bila hata kujificha.

La vioo vyeusi sina la kukutetea nalo. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Tom Tyler, mwaka 1984 aliwahoji wakazi zaidi ya 1,500 wa Chicago juu ya kwa nini wanatii sheria, hata hizi ndogo za mwendo na maegesho. Alikuta kwamba hofu ya kukamatwa ina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani. Lenye uzito zaidi ni kama mtu anaona wenye mamlaka wanatenda kwa haki. Chicago ni mbali na Rangi Tatu, lakini wewe umeniandikia jambo hilo hilo bila kwenda chuo: ukiona mwenzio anaachiwa, nyekundu inaacha kuwa sheria inakuwa kodi ya wanyonge.

Hapo nakupa haki yako. Sasa nipe na mimi yangu.

Faini yenu imeshapunguzwa. Bajeti ya mwaka 2021 iliishusha ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000. Kofia unaivaa wewe, nakubali, kwa sababu shati jeupe linaiona toka mbali. Ya abiria imening'inia mkononi mwako kama kikapu. Mshikaki wa watu watatu unaubeba usiku, mchana huubebi. Na barabara ya mwendokasi, tangu mabasi yaanze Mei 2016, mnaiingia pale ambapo hakuna mlinzi na kuikwepa pale ambapo yupo. Kwa hiyo na wewe una daftari lako kichwani, safu moja "anaonekana nani", safu ya pili "nitapata nini". Usiniambie hulijui.

Ila daftari lako lina kosa la hesabu. Mwenye vioo vyeusi akipita nyekundu ana tani mbili za bati kumzunguka. Wewe bampa yako ni goti. Usimuige mtu ambaye mkikosea pamoja yeye anapeleka gari gereji na wewe unapelekwa taasisi ya mifupa. Taa ile ya saa nne usiku isimamie hata kama wenzio wanakuona bwege. Ukiogopa vibaka, punguza mwendo mapema ukiwa mbali ili uifikie ikiwa kijani, madereva wa teksi wa zamani wote walikuwa wanafanya hivyo.

*Salaam Mzee. Nakuandikia kutoka Mombasa. Nilikuwa makanga wakati sheria za Michuki zinaanza. Mwezi wa kwanza kila abiria alifunga mkanda, matatu yalipendeza. Leo mikanda mingine ina vumbi la miaka. Tulikosea wapi?*
Makanga Mstaafu

Salaam sana. Kwa wasomaji wa huku bara: John Michuki alikuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, na kanuni zake zilianza kubana tarehe 1 Februari 2004. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila siti, abiria 14 na si zaidi, sare kwa dereva na makanga, mstari wa njano ubavuni. Matatu mengi yaliondolewa barabarani kwanza na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado wengi wao walikuwa wanasema afadhali.

Nilifika Nairobi miaka michache baadaye kumzika shemeji. Nilipanda matatu, makanga akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mbele kuna polisi, fungeni mikanda." Tukafunga kumi na wanne kwa pamoja, kama tunaitikia dua. Tulipopita tukafungua kwa pamoja vilevile. Mimi mwenyewe nilifungua, mwalimu mzima wa udereva! Mkanda ulikuwa na mafuta ya nazi ya abiria waliotangulia na nilikuwa na shati la msiba.

Kwa maoni yangu hamkukosea kwenye sheria. Mlikosea kuiacha mikononi mwa mtu mmoja tu, yule polisi wa kizuizi cha barabarani. Michuki alibadili gari lakini hakubadili hesabu ya jioni. Dereva wenu, kama wetu huku, alibaki anadaiwa fedha ya mwenye gari kila siku, akishaipata ndipo anaanza kutafuta ya kwake. Hesabu hiyo haijui kilomita 80. Mimi nikiwa na hesabu ya tajiri mfukoni saa nane mchana nilikuwa dereva mtaratibu sana. Nikiwa sijaipata saa mbili usiku, waulizeni walionipanda.

Na kuna watu 14 humo ndani ambao hakuna aliyewapa kazi. Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walilijaribu hilo Kenya. Walibandika stika ndani ya matatu zinazomwambia abiria aseme dereva anapoendesha ovyo. Magari yaliyobandikwa yalichaguliwa kwa bahati nasibu, mengine yakaachwa hivyo hivyo ili yalinganishwe, na kukawa na zawadi za kila wiki kwa madereva ambao stika zao zimekutwa mahali pake. Madai ya bima kwa magari yenye stika yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Karatasi na gundi! Baadaye ndiyo ikaja ile kampeni ya Zusha mliyoiona, ya kuwahimiza abiria waseme.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu wa Temeke. Stika ile ni mwiko wake, umegawiwa abiria wote. Wewe ukiwa makanga unajua ugumu wake: abiria mmoja akisema anaambiwa anunue gari lake. Wakisema wawili, dereva ananung'unika. Wakisema watatu anapunguza. Kwa hiyo mtu akianza kusema, wewe uliye siti ya nyuma usiangalie dirishani. Kazi yako ni kuwa wa pili.

*Mjomba habari za siku nyingi. Naendesha semi Dar hadi Kigali. Nikivuka Rusumo nakuwa mtu mwingine: mwendo wangu wa adabu, mkanda nimefunga. Nikirudi, nikishapita Nyakanazi, naanza mambo yangu. Je, mimi nina watu wawili ndani? Na swali la pili: tukipigiana taa kwamba mbele kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo, ni dhambi?*
Dereva wa Semi

Nzuri, dereva. Unao zaidi ya wawili, tuwahesabu.

Wa kwanza ni yule anayevuka daraja la Kagera pale Rusumo na kuhama kutoka kushoto kwenda kulia. Je, kuna siku umesahau makusudi? Kuna siku umesema leo sijisikii, nitabaki kushoto hadi Kayonza? Hata mlevi hasemi hivyo. Sheria hiyo haihitaji trafiki, kwa sababu ukiivunja adhabu inakuja mbele yako ikiwa imewasha taa. Ingekuwa kila kosa la barabarani linaadhibu haraka namna hiyo, mimi nisingekuwa na kona ya kuandika.

Wa pili ni wa Kigali. Kule kuna kamera ambazo wenyeji wamezibatiza Sophia, na Sophia hana shemeji wala hali chai. Pia unaona bodaboda wa kule wamebeba abiria mmoja, mwenye kofia, na unaona haya kuwa wewe ndiye mgeni mchafuzi. Hofu na haya vimekubana pamoja.

Wa tatu ni wa baada ya Nyakanazi. Huyo ndiye unayemwita "mambo yangu", na mimi namwita dereva aliyerudi kwa watu wanaofanana naye. Semi yako sheria inaitaka isizidi 80 hata pasipo na kibao, na kwenye makazi 50. Unalijua hilo. Kwenye 50 unalifuata kuanzia kibao mpaka mita kumi baada ya tochi.

Kuna wa nne, ambaye simshangai ila ananiuma. Siku ukipewa mzigo wa njia ya Iringa, ukipita hifadhi ya Mikumi unakutana na ubao wenye picha za wanyama, na mbele ya kila mnyama faini ya kumgonga, kwa dola. Madereva wote mnajua twiga ni ghali. Mnapunguza. Kijiji cha mbele hakina ubao wa bei ya mtoto.

La kupigiana taa: nilifundishwa nikiwa utingo, kabla sijajua gia. Ni adabu ya njia, kama kumpisha aliyekwisha kuingiza pua. Dereva asiyepiga taa tulimwona mchoyo. Ndiyo maana nasema madereva tuna sheria, tena tunazishika, ila ni zetu. Lakini fikiri taa ile inafanya kazi gani. Unayemwashia anapunguza kwa dakika moja, kisha anafidia. Hujui pia askari wale wanamsubiri nani. Pengine gari lililoibiwa Kahama ndilo umeliwashia wewe, na likakushukuru kwa hazadi. Dhambi muulize sheikh au padri wako. Mimi nimejaribu kuacha, na hadi leo nikiona shati jeupe mkono unakwenda kwenye swichi peke yake, nauvuta.

*Mwalimu shikamoo. Niko wiki ya tatu ya mafunzo. Mwalimu wangu anasema kwenye zebra nisisimame ghafla, eti nitagongwa nyuma na mwenye kosa nitaonekana mimi. Sasa nisimame au nisisimame?*
Mwanafunzi mwenye L

Marahaba. Simama. Mwalimu wako kakwambia nusu ya maneno, na nusu hiyo ni ya kweli: kwenye mji ambao wengi hawasimami, anayesimama anawashtua walio nyuma. Hiyo ndiyo tabu ya kuwa wa kwanza kutii, hatari ya wasiotii inakuangukia wewe. Kwa hiyo usimame kwa namna ambayo wote wamejua mapema.

Ukiona alama ya zebra kwa mbali, tazama kioo cha kati kwanza. Gusa breki kidogo sana, mara mbili, si kwa ajili ya kupunguza mwendo bali taa za nyuma ziwake. Kama nyuma yako kuna daladala, toa mkono dirishani uupandishe na kuushusha taratibu, konda wake atauelewa kuliko indiketa yoyote. Kisha simama hatua kadhaa kabla ya mistari, usiikanyage, ili mtembea kwa miguu aone upande wa pili na wa upande wa pili wamwone yeye.

Halafu tulia. Usiwapungie watu mkono kuwaambia "piteni, piteni". Wewe umesimama, lakini bodaboda inayokuja ubavuni mwako huwezi kuisemea. Waache watazame wenyewe.